Koti la Mtani

Mtu akikuadhibu kwa kosa ulilolifanya, utameza mate na utavumilia. Lakini akikuadhibu kwa kazi uliyotumwa na wakubwa zako, tena kazi ambayo yeye mwenyewe ilimpasa aifanye akaikimbia, hapo hata mate hayamezeki. Faidha Halfani wa kidato cha sita alisimama nje ya geti la Sekondari ya Lichemba, sanduku lake la bati miguuni, godoro limekunjwa juu ya sanduku, na hasira aliyokuwa nayo hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe. Barua ya kusimamishwa masomo aliikunja akaitia ndani ya kiatu. Aliitia humo makusudi, aikanyage mpaka kwao Chiwata.

Kosa lake? Ati amemdhihaki marehemu. Ati amemdhalilisha Mwalimu Nikolao siku ya maziko yake, mbele ya mapadre, wafiwa na wageni kutoka wilayani. Bodi ya shule ingekaa wiki inayofuata, na kila mtu alijua bodi ikikaa kwa kosa la namna hiyo haikai kuzungumza, inakaa kufukuza. Mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni. Akifukuzwa sasa, ndiyo basi tena. Yote aliyoyasoma kwa taa ya sola mpaka macho yakamuuma yamekwenda na maji.

Ili ujue kwa nini binti wa watu alikuwa anataka kuuma mtu, lazima kwanza umjue huyo Mwalimu Nikolao.

Lichemba haikuwa shule ya kutazamwa. Ilipoanza ilikuwa vyumba viwili na choo kisicho na mlango, kando ya barabara ya kupanda Newala, watoto wanakalia matofali. Nikolao, Mmakua wa Lulindi, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba, Chiungutwa mpaka Chiwata, kwa Waislamu na kwa Wakristo, akiwaambia wazazi: leteni mchanga, leteni mawe, asiye na mchanga alete mikono. Mama zetu walibeba mchanga kichwani. Msimu wa korosho ukiisha, wanaume walifyatua tofali. Siku ya kuezeka maabara Nikolao mwenyewe alipanda juu, akateleza, akaanguka na kuvunjika mguu wa kushoto, na tangu hapo akawa anauburuta. Leo shule ina kidato cha tano na cha sita, ina bweni la wasichana, ina watoto kutoka mikoa ambayo hapa hatujui hata wanakula nini. Inakua, na nani asiyefurahi. Ila shule ikikua inaleta na watu wa kutufundisha namna ya kuzika.

Tena Nikolao alikuwa mtani wa kina Faidha. Wao ni Wayao wa Chiwata, na ukoo wao na ukoo wa Nikolao ni watani tangu enzi za mababu. Utani kwetu si mzaha wa kijiweni. Mtani ataingia jikoni kwako afunue chungu, atakusema usoni maneno ambayo akiyasema mwingine mtapelekana kwa mwenyekiti wa kijiji, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unatozwa kuku. Lakini mtani huyo huyo ndiye atakayeshika jembe akuchimbie kaburi, ndiye atakayesimama siku ndugu zako wamelegea kwa kilio. Matusi yake yote anayalipa siku hiyo moja.

Siku ya kwanza Nikolao alipoingia darasani kwa kina Faidha kufundisha Baiolojia, aliita majina, akafika kwake, akavua miwani.

"Halfani wa Chiwata? Kumbe Wayao wamenifuata mpaka huku. Watu wenye ndoa nyingi kuliko nguo."

"Afadhali ndoa, Mwalimu," Faidha akajibu, "kuliko kula panya pamoja na mkia."

Watoto waliotoka mbali walishika midomo wakingoja fimbo. Nikolao alicheka mpaka akatafuta kiti. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yao. Na usidhani utani ulimpunguzia kazi. Akikosea, mwalimu alimjia mpaka kwenye dawati, mguu unaburuzika, koti la kahawia mwilini hata jua liwe kali namna gani, mifuko imejaa vipande vya chaki na korosho za kukaanga. Alikuwa akiinama na kusema lile neno lake ambalo shule nzima ililijua: "Mtani, mtihani hauna shangazi. Humo ndani hakuna wa kukuombea."

Kisha masika yakaja, na siku moja presha ikamwangusha Mwalimu Nikolao akiwa ofisini, na hakuamka.

Bibi yake Faidha, Bimdogo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa mambo hayo kwao, lakini magoti yalikuwa yamemvimba haendi popote. Alipiga simu kwa matroni wa bweni akaomba azungumze na mjukuu wake.

"Mimi Lulindi sifiki," alisema. "Babu yako Yassini atakuwepo. Yeye ndiye mwanamume, yeye ataongoza. Lakini Yassini siku hizi ana vyeo, simwamini sana. Akisimama, mfuate. Akikaa, wewe simama. Usikubali mtani wetu azikwe kama mtu asiye na watu." Kisha akamweleza la kufanya, moja baada ya jingine, na Faidha akaitikia.

Huyu Mzee Yassini alikuwa binamu yake Bimdogo, na ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule. Mtu mkubwa, kofia nyeupe imepigwa pasi, gari la wageni likija Lichemba yeye ndiye anayefungua mlango. Lakini Chiwata nzima inakumbuka kwamba katika ujana wake, alipokufa babu yake Nikolao, Yassini alishuka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka aletewe jogoo, na asiyetaka amfukie pamoja na marehemu. Watu walilia huku wanacheka. Jogoo aliletwa. Mpaka leo wazee wakisimulia hilo wanashika mbavu.

Siku ya kumzika Nikolao, kidato cha sita chote kilipelekwa Lulindi kwa basi la shule. Faidha alipofika alimtafuta babu yake kwa macho. Alimkuta kiti cha mbele, chini ya turubai, ubavuni mwa mkuu wa shule Madamu Upendo na wale wageni wa wilayani, soda mkononi. Ibada ilikwisha. Jeneza likatolewa nje. Faidha akamtazama babu yake, na Yassini akaona anatazamwa, wala usiambiwe kwamba hakuona. Akainamia soda yake. Jeneza lilipita mbele yake na yeye anasoma maandishi ya chupa.

Basi Faidha akasimama.

Aliingia ndani ya nyumba ya marehemu, akalitoa lile koti la kahawia kwenye msumari, akalivaa. Akatoka nalo akiburuta mguu wa kushoto. Akajitupa njiani mbele ya jeneza, akasema hapiti mtu hapa, nani kawaruhusu kumpeleka mtani wangu kabla hajanimalizia somo la chembehai. Wazee wa Lulindi wakaanza kuguna kwa raha, maana walikuwa wamekaa muda wote wanajiuliza Wayao wamepotelea wapi. Akatoa kipande cha chaki mfukoni, akawa anaandika hewani. Akawageukia waliobeba: "Tusonge, tusonge, mtihani hauna shangazi." Halafu akawaendea wanawake waliokaa mkekani, akasimama mbele ya mjane, Selestina, ambaye tangu msiba utokee alikuwa ametoa macho tu, hali hanywi. Akasema kwa sauti ile ile ya Nikolao, ya puani: "Mama Salome, mbona leo unapikia kijiji kizima halafu mimi hujanitengea? Ugali wangu uko wapi?"

Selestina alimtazama. Akacheka, kicheko kimoja kirefu, na kicheko chenyewe kikageuka kilio, kile kilio cha haki ambacho wanawake wenzake walikuwa wanakingoja. Walimshika. Baadaye akanywa uji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na Faidha aliifanya sawasawa.

Hakuimaliza, kwa sababu hakupewa nafasi. Madamu Upendo alimkamata mkono.

"Vua hilo koti," alisema, uso umemuiva. "Vua sasa hivi. Mwalimu wako huyo."

Faidha akavuliwa koti mbele za watu na kuingizwa kwenye basi. Na kwa kuwa siku hizi hakuna msiba usio na simu, mtu alikuwa ameshachukua klipu. Kabla ya jioni ilikuwa kwenye kundi la wazazi, kesho yake iko Dar es Salaam. Hakuna aliyeona mjane akinywa uji. Waliona mwanafunzi mwenye sare anaigiza kilema cha maiti. Shule gani hiyo, waliuliza watu wasioijua hata Masasi iko upande gani. Wilayani nako wakapiga simu kuuliza.

Madamu Upendo hakuwa mtu mbaya, tuseme kweli. Alitoka kaskazini, hakuwa na muda mrefu hapa, na ndiye aliyehakikisha bweni linapata maji. Hakujua, basi. Na mtu asiyejua huuliza, naye aliuliza. Alimwita Mzee Yassini ofisini, akamsimamisha Faidha palepale, akasema, "Mzee, wewe ndiye mwenyeji. Naomba uniambie ukweli. Lile ni jambo la mila ya hapa, au ni utovu wa nidhamu?"

Yassini alipangusa ndevu. "Mila zetu zina staha, Madamu," alisema. "Hayo mengine ya zamani tulishayaacha."

Hivyo tu. Hakumtazama mjukuu wake. Faidha asingekuwa amelelewa, siku ile angemvua mzee kofia. Madamu akashusha pumzi, akaandika barua.

Kwao Chiwata, Bimdogo alikuwa kibarazani anamenya ming'oko, mizizi ya porini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu kinaendelea.

"Mwacha mila ni mtumwa," alisema. "Yassini amekuwa mtumwa wa soda."

"Bibi, wewe ndiye uliyenituma." Faidha hakutaka kumkaripia bibi yake, lakini sauti ilishatoka. "Sasa mimi nafukuzwa, wewe unatoa methali."

"Nilikutuma. Na kesho ningekutuma tena." Bimdogo akaweka kisu chini. "Siku ya bodi nitakwenda na wewe, hata kwa kubebwa. Lakini maneno yangu hayatapimwa. Watasema ni bibi anamtetea mjukuu wake. Anayeweza kusema kama alitukanwa au hakutukanwa ni mfiwa peke yake."

Usiku ule Faidha hakulala, na kadiri alivyogeuka kitandani ndivyo hasira ilivyopata mtu mpya. Kwani Selestina yuko wapi? Alicheka, alilia, alikunywa uji, halafu akanyamaza na kumwacha mwenzake aozee nyumbani. Mbona hakusema hata neno. Asubuhi akapanda bodaboda kwenda Lulindi, matope yakimrukia mpaka mapajani, akiwa amejaa.

Alimkuta mjane mkekani, nguo nyeusi, binti yake Salome akimsuka. Faidha hakubisha hodi vizuri, hakusalimu. Alimwaga yote: klipu, ofisi, soda na staha ya Yassini, sanduku nje ya geti. "Na wewe umekaa kimya," alimaliza. "Nimekufanyia kazi ya mtani, nawe umekaa kimya."

"Umemaliza?" Selestina aliuliza.

"Bado."

"Basi maliza."

Faidha akaanza kupangusa matope ya mapajani.

"Kwanza, Myao, watu husalimia."

"Shikamoo, Mama Salome."

"Marahaba. Pili, mimi ni mfiwa. Simu yangu imefungiwa kabatini na shemeji zangu, sijui hata kama mvua ilinyesha Masasi. Nani angeniambia habari za klipu?" Akanyoosha kidole ukutani. Koti la kahawia lilikuwa kwenye msumari wake. "Tatu, lile pale. Mtani aliyelivaa ndiye mwenye nalo, ndiyo ujira wake, hilo bibi yako hakukwambia? Shemeji zangu wamelitaka nimekataa. Wewe ulilivua ukalitupa ukaenda zako. Na mimi nimekaa hapa na hasira zangu, nasema yule mtoto wa Kiyao amenidharau, ameona koti la mume wangu ni tambara."

"Sikulitupa. Nilivuliwa."

"Ndiyo nasikia sasa."

Salome akaacha kusuka.

"Tangu aanguke sikuwa nimelia," Selestina alisema, na sauti haikuwa ya ukali tena. "Watu wananipa pole, naitikia kama redio. Niliona kama yuko shuleni, atarudi. Wewe ulipokuja na ule mguu ukaniuliza ugali uko wapi, ndipo nikajua amekufa. Ungeniacha vile, sijui ningekuwa wapi leo." Akavuta khanga yake begani. "Hiyo bodi inakaa lini?"

"Mama, arobaini bado," Salome alisema. "Huwezi kutoka."

"Baba yako aliivunjia mguu ile shule. Nitatoka."

Siku ya kikao Faidha alikuja na sanduku lake, kwa amri ya bibi, akaliacha nje; wakakalishwa wote wawili kwenye benchi, upande wa mlangoni. Bimdogo alikuja amefungwa kwenye bodaboda kwa khanga kama gunia la korosho, na hakutaka mtu ayaseme magoti yake. Mezani walikaa wajumbe, wengi wao wenyeji, akiwemo Twahiru mwenye duka la pembejeo ambaye anayajua haya yote kuliko anavyojua bei za dawa zake. Hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake. Yassini alikuwa kichwani pa meza, kofia nyeupe, miwani. Madamu Upendo alisoma shauri. Alilisoma vizuri, bila chumvi. Akauliza kama kuna mjumbe mwenye la kuongeza kabla hawajaamua.

Twahiru alikuwa anafuta meza kwa kidole. Faidha aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowaamkia tangu utoto, na akawachukia wote kwa mpigo.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Selestina na nguo zake nyeusi, mfuko wa plastiki mkononi. Wajumbe walisimama nusunusu. Mjane kutoka nje kabla ya arobaini si jambo dogo. Yassini naye akainuka.

"Pole na msiba, mama," alisema. "Lakini hapa tuna kikao."

"Nimepoa," alisema Selestina. Akaenda moja kwa moja mpaka kichwani pa meza, akanyoosha mkono, akaivua kofia ya Mzee Yassini, akaivaa yeye.

Mtu mmoja alivuta pumzi. Selestina akavuta kiti, akakaa, miguu ameipandanisha kama Yassini, tumbo mbele. Akashika soda isiyokuwepo. Akapangusa ndevu asizokuwa nazo. "Mila zetu zina staha, Madamu," alisema, na ilikuwa ni sauti yake Yassini kabisa, na kile kikohozi chake cha kuanzia. Kisha akageuza shingo polepole, kama anayetazama jeneza linapita, akashtuka, akaleta chupa karibu na macho akaanza kusoma. "Tikisa kabla ya kutumia," alisoma. "Kumbe."

Twahiru aliziba mdomo, kicheko kikamtokea puani. Mjumbe mwingine akainama chini ya meza ati anatafuta kalamu. Madamu Upendo hakucheka. Alikuwa amemkazia macho Yassini, anangoja aone mzee wa watu, mwenyeji, atafanya nini.

"Nipe kofia yangu," alisema Yassini. "Hiki ni kikao cha serikali. Mtoeni huyu mwanamke."

Kicheko kilikatika. Hata Bimdogo kwenye benchi aliacha kusugua magoti.

Selestina aliivua kofia, akaiweka mezani taratibu, akaikung'uta vumbi.

"Umekasirika," alisema.

"Nimekasirika, ndiyo."

"Mtani hakasiriki. Basi utani hakuna. Sawa. Umesema mwenyewe, mbele ya watu, na dada yako yuko hapa amesikia." Sasa alikuwa anasema kwa sauti yake, ya chini, na kila mmoja alimsikia. "Nitakwenda kuwaambia Lulindi. Siku yako ikifika, Yassini, sisi hatuji. Hatushiki jembe. Hakuna Mmakua atakayelala kwenye kaburi lako kudai jogoo. Hakuna atakayevaa koti lako akawachekesha wajukuu zako. Watakuzika hawa." Akawaonyesha wajumbe kwa kidevu. "Watakuzika kwa ratiba."

Akachukua mfuko wake, akaelekea mlangoni.

Ni maneno tu, utasema. Lakini mwambie maneno hayo mzee wa kwetu uone. Yassini alibaki amesimama, kichwa wazi, upara unang'aa, na ghafla akaonekana mzee kuliko Bimdogo. Selestina alikuwa ameshashika kitasa.

"Mtani," alisema Yassini.

Selestina hakugeuka.

"Mtani, usifike huko."

Madamu Upendo akaweka kalamu chini. "Mzee, umemwitaje?"

"Mtani."

"Kwa hiyo utani upo."

"Upo."

"Na nilipokuuliza ofisini kwangu, mbele ya huyu mtoto?"

Yassini alitazama kofia yake mezani. Hakuichukua. Aliyemjibu Madamu hakuwa yeye, alikuwa Faidha, ameshasimama wala hakumbuki alivyosimama.

"Alijua," alisema. "Alikuwa anajua yote. Ile kazi ilikuwa yake, mimi nilitumwa nimfuate. Alikaa. Nikaifanya mimi, na nikavuliwa koti mbele yake, nikaandikiwa barua mbele yake, na alikuwa tayari nifukuzwe mbele yake." Akawageukia wajumbe. "Na nyinyi wengine mlikuwa mnafuta meza."

Hakuna aliyemwambia akae. Madamu Upendo aliziba paji la uso kwa kiganja, na alipoutoa mkono ilionekana wazi kwamba naye sasa amekasirika, ila si kwa Faidha.

"Mzee, mimi nilikuwa namfukuza mtoto kwa neno lako," alisema. "Mtoto anarudi bwenini leo. Hao wa wilayani nitawajibu mimi, na wewe utakuwa umekaa karibu yangu ninapowajibu. Kama kuna mjumbe anayepinga, aseme sasa, maana naona leo watu wameanza kupata sauti."

Hakuna aliyepinga. Hawa watu hata kupinga walikuwa hawawezi.

Nje, Yassini alimfuata Selestina mpaka chini ya ukuta wa maabara, kofia mkononi. Faidha alikuwa pale, anamsaidia bibi yake kukaa kwenye ngazi.

"Nitatoa kuku," alisema mzee.

"Utatoa jogoo. Tena jogoo mkubwa, kwa kukasirika."

"Nitatoa." Akaigeuza kofia mara nyingi. "Na siku yangu, utakuja?"

Selestina alimpima kutoka juu mpaka chini. "Nitakuja, mtani. Nitakuchimbia, nitakulilia. Na nitavaa hiyo kofia nikuigize ulivyokuwa leo. Nitakaa kitini, mtoto wa watu anazama mbele yangu, na mimi naangalia meza. Wajukuu zako wote watakuwepo. Watacheka sana."

Yassini alitaka kutabasamu, kama ilivyo desturi, lakini uso ulikataa.

Selestina akatoa koti la kahawia kwenye mfuko, akamtupia Faidha kifuani. "Ujira wako. Ukianguka mtihani nakuja kulidai, na sitakuja na utani."

Koti lilikuwa bado na harufu ya chaki. Mfukoni mlikuwa na korosho, zimelegea kwa unyevu. Faidha alilivaa juu ya sare, mikono ikampita vidole, na wasichana wa bwenini waliokuwa wanachungulia dirishani wakaanza kupiga miluzi. Alilibeba sanduku lake kichwani. Njia ya bwenini ilipita pale pale aliposimama babu yake, na babu alikuwa amenyoosha shingo anangoja.

Faidha alikuwa amelelewa. Alipofika sambamba naye alipunguza mwendo.

"Shikamoo, babu," alisema, akapita bila kungoja marahaba.